Mwalimu Rudia na Mlango Wake

Ndugu wafiwa, majirani, walimu, wanafunzi, na ninyi nyote mliosimama kwa sababu viti vimekwisha, kwa niaba ya familia naomba mnitegee masikio nisome maisha ya mama yetu mzazi, ambaye nyumbani tulimwita Mama, wadogo zake walimwita Dada, na watu wengine wote, kuanzia mkuu wa shule hadi muuza magazeti wa pale kona, walimwita Mwalimu Rudia. Mimi ni mtoto wake wa mwisho, yule kinyozi, na kabla minong'ono haijaanza huko nyuma niseme mapema kwamba familia ilikaa kikao kutafuta msomaji, dada yetu muuguzi akasema hatamaliza mstari bila kulia, kaka yetu mhasibu akasoma mistari miwili kwa majaribio, Baba akamwuliza kama anasoma historia ya mke wake au bei za sabuni, ndipo wakanigeukia mimi niliyeacha shule kidato cha pili, kwa sababu Mama alikuwa akisema sauti haitolewi na cheti, na sauti ninayo, hata ninyi wa kule ukutani mnanipata bila kipaza sauti. Tarehe zote nitakazosoma ni za kaka, maneno ni yangu, kwa hiyo tarehe ikikosewa mshikeni yeye.

Najua pia kwamba tangu mfike macho yenu yanalikimbilia lile basi lililoegeshwa nje ya uzio, lenye mlango wa kijani uliofungwa kamba juu ya paa, na nimewasikia wawili watatu mkiulizana kama tunahama. Hatuhami. Mlango ule ni wa marehemu, basi lile ni la wanafunzi wake tisa wanaotakiwa kuwa kwenye kongamano la sanaa za maonyesho keshokutwa asubuhi, na mpaka jana alasiri hapakuwa na mtu aliyejua kama litaondoka na watoto au litarudi tupu lilikotoka, na jambo hilo ndilo lililomweka Mama roho juu hadi siku yake ya mwisho, kuliko dawa, kuliko mirija, kuliko hata sisi watoto wake, nasema kweli. Tutafika huko, ila tuanzie alikoanzia yeye.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961, katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji lililokuwa karibu na kituo cha treni, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba seremala na mama mshonaji, na alizaliwa humo dukani kwa sababu bibi yetu alikataa kuondoka kwenye cherehani kabla ya kumaliza pindo la sketi ya mteja, mteja mwenyewe akalazimika kukimbia kumwita mkunga, na sketi ilikabidhiwa siku ileile, nani aliyeimalizia hatujui mpaka leo. Upande mmoja wa ukuta kulikuwa na cherehani, upande wa pili kulikuwa na randa na msumeno wa babu, na Mama alisema hapo ndipo alipojifunza kupaza sauti, kwa kuwa katika nyumba ile asiyesikika alilala bila kula.

Mwaka 1969 alianza darasa la kwanza katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kituo hicho cha treni, akamaliza mwaka 1975, na akiwa darasa la nne alitolewa nje ya darasa kwa kosa la kumwigiza mwalimu wa hesabu anavyotembea, huko nje akaona darasa la jirani limekaa dirishani halina kazi, akaanza kuwaonyesha na wao, akaenda na kurudi, akaenda na kurudi, watoto wanaumwa mbavu kwa kicheko, mara wakanyamaza wote kwa pamoja, kumbe mwalimu mwenyewe amesimama nyuma yake kitambo. Mtoto akangoja kofi. Mwalimu akamtazama kwanza, kisha akamwambia, "Mguu wa kushoto mimi nauburuta zaidi ya hapo. Rudia." Alirudia, mwalimu akatikisa kichwa, akarudia tena, na ndivyo lile neno lilivyoingia mwilini mwake lisitoke, na ninyi mliofundishwa naye kama mlikuwa mnatafuta wa kumlaumu, ni huyo mwalimu wa hesabu. Kuanzia mwaka 1976 hadi 1979 alisoma sekondari ya bweni ya wasichana, na kuanzia 1981 hadi 1983 alisoma chuo cha ualimu, akahitimu kufundisha lugha na sanaa za maonyesho.

Tarehe 9 Januari 1984 aliripoti kazini katika sekondari ya kutwa ya barabara ya sokoni, shule ambayo hakuihama tena, akapewa vipindi vya lugha pamoja na kikundi cha maigizo chenye wanafunzi sita, na kwa ajili ya mazoezi akapewa stoo ya madawati mabovu, akayatoa madawati hayo nje akayapanga ukutani hadi kwenye paa, nafasi ikapatikana. Muhula haujaisha akaandaa mchezo na kumwalika baba yake, na katikati ya mchezo kijana mmoja akakunja ngumi, akagonga hewa huku akisema kwa mdomo ko ko ko, hodi wenyewe, ndipo babu yetu seremala akainuka kwenye kiti chake akatoka nje, na kila mtu akajua mzee amechukia. Hakuchukia. Baada ya wiki mbili alirudi na mkokoteni, na juu ya mkokoteni kuna mlango mzima, una fremu yake, una bawaba tatu, una kitasa cha shaba, na chini una miguu miwili mipana ya kuusimamisha popote bila ukuta, akamwambia bintiye mbele ya wanafunzi, "Mwanangu, unafundisha watoto wa watu kugonga upepo? Upepo nani atawafungulia?"

Tangu siku hiyo hakuna mwanafunzi aliyepewa neno la kusema jukwaani kabla hajaupita mlango ule, na kwa wale ambao hamkuwahi kuona mazoezi yake naeleza, ulisimama upande wa nje, wenzako wote wako upande wa pili hawakuoni, unagonga, unaita hodi, basi, hakuna kingine, na wao kwa hodi hiyo tu walitakiwa wajue wewe ni nani na umekuja na nini, kama umekuja kuposa, au kudai, au umevunja kikombe cha watu na unakuja kuomba radhi, au unaleta habari ya mtu kufariki. Wakijua, unaingia. Wasipojua, Mwalimu alitamka neno lake moja, na aliweza kulitamka mpaka kengele ya kwenda nyumbani, bila hasira, bila maelezo, huku anasahihisha madaftari ya darasa jingine. Mimi nilipita kwa hodi ya tatu, jambo ambalo halijawahi kufikiwa na mtu, na wanaosema nilibebwa kwa sababu mwalimu ni mama yangu hawamjui mama yangu, maana kaka mhasibu naye alizaliwa na mwalimu huyohuyo na aligonga muhula mzima, na mpaka leo akibisha hodi kwa watu wanachojua ni kwamba nje kuna mtu.

Tarehe 19 Desemba 1987 marehemu alifunga ndoa na Baba yetu, fundi umeme, ambaye yuko hapa mbele yenu na ameniruhusu kusema haya kwa sharti la kutotia chumvi, na walikutana pale Baba alipotumwa kutengeneza taa za bwalo la shule, akaingia kimya kimya akaenda moja kwa moja kwenye swichi kuu, akazima, bila kujua kwamba ndani kuna watu ishirini wako katikati ya mazoezi. Sauti ikatoka gizani, "Nani amezima?" akajibu, "Fundi," sauti ikasema, "Fundi gani anaingia kwa watu kama paka? Washa, toka nje, bisha hodi, ndipo uzime." Baba akawasha, akatoka, akabisha, na jibu lililokuja mnalijua. Anasema alirudia mara nne, na kwamba ile taa ilipowaka ndipo alipoiona sura ya mwenye sauti kwa mara ya kwanza, lakini yeye alikuwa ameshaamua tangu gizani.

Katika ndoa hiyo walijaliwa watoto watatu, dada yetu muuguzi aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1988, kaka yetu mhasibu aliyezaliwa tarehe 17 Aprili 1992, na mimi niliyezaliwa tarehe 11 Juni 1999, na wajukuu wanne ambao wote wanaweza kupiga kelele kuliko umri wao. Alitulea kwa kazi na kwa kicheko, hakupiga, ila ukimwambia uongo alikusikiliza mpaka mwisho, akaegemea nyuma, akasema hilo neno, na hakuna uongo unaovumilia kusemwa mara ya pili mbele ya mtu anayekutazama kwa hamu namna ile. Nilipoacha shule watu walimshika sikio, mwalimu mzima mtoto wako anakaa vijiweni, yeye akanitafutia kinyozi wa kunifundisha kazi, akakaa kwenye benchi la wateja siku yangu ya kwanza, nikamaliza kichwa cha kwanza nikamtazama, akasema nirudie upande wa kulia. Leo mimi ndiye kinyozi wa kwanza katika mtaa ule wote, anayebisha aangalie vichwa vya safu ya mbele.

Sasa nifike kwenye kongamano. Mwezi Juni 1996 shuleni ulifika mwaliko kwamba walimu na wasomi wa sanaa za maonyesho watakutana katika chuo kimoja, mwendo wa kutwa kwa basi, na kwamba Mwalimu naye amepewa nafasi mbele ya kikao, akafurahi, akateua wanafunzi kumi na mmoja, akawafanyisha mazoezi ya mchezo mzima, mavazi yakashonwa na bibi, na mlango ukapandishwa juu ya basi kama mnavyouona pale. Mimi sikuwepo, nilikuwa bado sijazaliwa, lakini nitawasimulia vizuri kuliko waliokuwepo, na dereva wa basi lile la hapo nje, ambaye ni mmoja wa wale kumi na mmoja, akiona nimezidisha apige honi. Utingo wa basi la siku ile alipouona mlango hauna nyumba alishindwa kujizuia, akasema, "Mama, nyumba yenyewe inakuja na basi la nyuma?" Mwalimu akamjibu bila kugeuka, "Nyumba iko kule tuendako, wamesahau mlango."

Kosa lake lilikuwa moja, na ni kosa ambalo mtu wa maigizo peke yake ndiye angeweza kulifanya, alidhani watu wa maigizo wakikutana wanaigiza, kumbe wakikutana wanakaa. Ukumbi ulikuwa na zulia, meza zimepangwa duara, kila meza ina chupa ya maji na kijikaratasi cha jina, jukwaa hakuna, pazia hakuna, na mwenyekiti wa kongamano, mtu wa miwani mizito na sauti ya taratibu, akamfuata mlangoni na kumwambia, "Karibu Mwalimu, wewe ni wa tatu, una dakika ishirini, mada yako nipatie nikuwekee pale." Mwalimu akauliza mada gani, akaambiwa ya kusoma, akauliza, "Kwani ninyi hamchezi?" akajibiwa kwa upole, "Hapa tunajadili, Mwalimu." Nyuma yake wamesimama watoto kumi na mmoja na mavazi yao, mmoja ameshachorwa ndevu, wamesafiri kutwa nzima, wameaga mtaa mzima, na shuleni waliambiwa wazi kwamba wakirudi mikono mitupu ile stoo inarudishiwa madawati yake.

Dereva anasema Mwalimu alisimama, akautazama ule ukumbi, akawatazama wanafunzi, kisha akasema, "Simamisheni mlango." Wakausimamisha katikati ya zulia, kati ya zile meza, akawaambia wasomi kwamba yeye hana mada ila ana wageni, na wageni watabisha hodi mmoja mmoja, kazi ya wenye nyumba ni kusema aliyekuja ni nani, halafu akakaa. Mwanafunzi wa kwanza akagonga, kukawa na vicheko vya chini chini, lakini mama mmoja wa upande wa dirishani akasema, "Huyo amekuja kukopa, na alishakopa kabla," na mtoto akaingia akiwa anainamisha kichwa, ukumbi ukalipuka. Wa pili akagonga, wakabishana, mmoja anasema posta, mwingine anasema posa, na alipoingia kumbe ni mtoto aliyepotea mtaa. Wa tano alikuwa binti mpole ambaye hata darasani hakusikika, akagonga mara moja tu, akasema hodi, na hakuna mtu katika ukumbi ule aliyetaka kuwa wa kwanza kusema amekuja na habari gani, na yule mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Dakika ishirini zilishapita na hakuna aliyetazama saa, na wanafunzi walipokwisha yule mwenyekiti akasema kwa aibu kidogo, "Na mimi je, naweza?" akainuka na shahada zake zote, akazunguka nyuma ya mlango, akagonga, akaita hodi, wale watoto kumi na mmoja wakanong'onezana, na mdogo wao kuliko wote akatoa jibu, "Huyu hakuja kwetu, amekosea nyumba." Dereva anasema wasomi walicheka mpaka chupa zikaanguka. Mwalimu hakucheka, akamwambia mwenyekiti, kwa heshima zote, "Rudia," na mwenyekiti akarudia mpaka muda wa chai ukaliwa wote, na alipoambiwa hatimaye, "Karibu, baba," aliingia kama mtu aliyesafiri mbali. Kuanzia hapo kila mwezi Juni kongamano lilimwalika Mwalimu Rudia na mlango wake, stoo haikurudishiwa madawati, wanafunzi wakawa wanabadilika na mlango ni uleule, na hakukosa hata mwaka mmoja isipokuwa mwaka 1999, kwa sababu ya kuzaliwa kwa mtu muhimu.

Alistaafu kwenye makaratasi tarehe 14 Agosti 2021, akaagwa, akapewa saa ya ukutani, na Jumatatu iliyofuata akaonekana stoo kama kawaida, mkuu wa shule wa sasa akamkuta huko akamwuliza, "Mwalimu, si tulikuaga?" akajibiwa, "Mliniaga vizuri sana, asanteni." Mkuu wetu, ambaye yuko hapa na koti lake la kijivu na ninaomba asinikunjie uso, hakuwa mtu wa mambo haya, yeye ni mtu wa fizikia, na kila alipopita mlangoni mwa stoo alitupa neno lake, "Mwalimu, miaka yote hii watoto wanagonga tu, wataingia lini?" na Mama alimjibu, "Siku utakayosikia."

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kuvimba miguu mwezi Novemba mwaka jana, akapimwa, akaambiwa moyo umepanuka, akapewa dawa na kukatazwa ngazi, basi akahamishia mazoezi bwaloni ambako hakuna ngazi, akajiona ametii daktari. Tarehe 6 Mei mwaka huu alizidiwa akalazwa, na wauguzi wa wodi ile, ambao baadhi wako nasi, ni mashahidi kwamba chumba chake ndicho pekee hospitalini ambacho watu waliingia mara mbili, maana ukiingia bila hodi ulirudishwa, na ukiingia na hodi ya kulipua, ya haraka haraka, ulirudishwa pia, dada yetu aliona aibu sana mbele ya wafanyakazi wenzake, hasa siku daktari bingwa alipoambiwa arudie akiwa na wanafunzi wake sita wa udaktari nyuma yake, na akarudia. Tarehe 28 Mei asubuhi daktari huyohuyo alikwenda na majibu ya mwisho, akagonga, akasema hodi, na kabla hajafika kitandani Mama akamwambia, "Nimekusikia, baba. Kaa tu." Daktari akakaa. Dada anasema Mama aliuliza swali moja tu, kama atafika Juni kumi, siku ya kongamano, daktari akatazama chini, basi Mama akamgeukia dada akamwambia, "Waende. Na mlango wasiuache." Alifariki tarehe 3 Juni, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, Baba akiwa amemshika mkono.

Siku iliyofuata mkuu wa shule alikuja nyumbani kutoa pole, na alipomaliza kutoa pole akasema, kwa adabu zote, kwamba safari imesimamishwa, kwanza kwa sababu wanafunzi hawasafiri bila mwalimu na mwalimu wao ndiye huyu tunayemlilia, na pili kwa sababu watu watasema watoto wamekwenda kucheza na udongo wa kaburi bado mbichi. Kaka mhasibu akaona ni busara, shangazi akaona ni busara, mimi nikasimama nikawaambia huo si msiba ni woga, nikaambiwa nikae, kisha nikaambiwa nirudi kwenye mashine zangu za kunyolea, na Baba alikuwa anaitazama taa ya sebuleni. Wanafunzi wakapelekewa habari. Kwa siku mbili tatu hatukusikia neno kutoka kwao, nikajua wamekata tamaa, na mimi si mtu wa kukata tamaa lakini nilishika tama.

Jana alasiri tulikuwa sebuleni tumejaa, mkuu wa shule naye yupo, amekaa karibu na dirisha, mlango uko wazi kama mlango wa nyumba yoyote yenye msiba, watu wanaingia na kutoka, maana msibani hakuna anayebisha hodi, unaingia tu, unakaa, unalia au unanyamaza. Ndipo tukasikia mtu anagonga. Anagonga fremu ya mlango ulio wazi, pole pole, mara tatu, na nyuma yake sauti tisa kwa pamoja zikasema hodi. Si kwa nguvu. Hawakuonekana, walikuwa wamesimama nje kando ya ukuta, kama walivyofundishwa, wala hawakuongeza neno, na ninyi mliokuwepo semeni kama natia chumvi, shangazi akaacha kukunja shuka, na kila mtu mle ndani, hadi jirani aliyekuja kuazima sufuria yake, alijua wale ni akina nani na wanaomba nini.

Tukamtazama mkuu wa shule. Hakuna aliyemwambia kitu, hata mimi, na mimi kunyamaza ni habari yenyewe. Akarekebisha koti, akakohoa, halafu akasema kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, "Rudieni." Nikadhani anawakejeli, nikataka kuinuka, Baba akanibana goti. Wakarudia, hodi ileile, ila safari hii sauti moja katikati ilikatika, na mkuu wa shule akainuka akaenda mwenyewe mpaka mlangoni, mlango ambao ulikuwa wazi tangu Jumatatu, akasimama pale akawatazama, akasema, "Karibuni. Kesho tukitoka makaburini, basi linaondoka. Asichelewe mtu." Mdogo mmoja akamwuliza, "Na mwalimu wa kutupeleka, mkuu?" akajibu, "Kwani mimi ni fundi viatu?" halafu akageuka kwetu na kusema kwa ukali wake wa kawaida kwamba mchezo haujui na hataki kuujua, anakwenda kuhesabu vichwa tu. Wazazi wa watoto wale wameshakubali, na wanafunzi nao wameniambia niwatangazie kwamba huko njiani mkuu ataupita mlango kama mtu mwingine yeyote, na wenzangu, nilivyomsikia akipiga hodi kwetu siku za nyuma, kazi ipo.

Kwa niaba ya familia namshukuru daktari bingwa aliyekubali kurudia, wauguzi wote wa wodi, majirani mliotuachia viti na sufuria na mkalala nasi, walimu wenzake mliochimba na mliopika, wanakongamano ambao simu yao imekuja asubuhi hii kusema meza wameziondoa katikati ya ukumbi, na wanafunzi wa miaka yote, wale wa stoo na wale wa bwalo, mliokuja kutoka mbali na ambao nimewasikia tangu asubuhi mmoja baada ya mwingine mkigonga fremu ya mlango wetu ulio wazi. Tukimaliza hapa naomba vijana wanne wenye mabega wanisaidie kukaza kamba juu ya basi, maana mshika mlango wa safari hii ni mimi, na babu alitumia mbao nzito.

Pumzika kwa amani, Mama. Huko unakoingia bisha mara moja tu, watajua ni wewe, hakuna atakayekuambia rudia.